Kitambaa cha Mwalimu Mkuu

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, wa karibu na wa mbali, kwamba katika nyumba ya fundi cherehani alikuwamo binti mtiifu, mvumilivu, asiye na doa wala kinyongo, aliyestahili kushonewa gauni jipya leo hii kabla ya chakula cha mchana.

Tangazo hili lilitolewa jikoni, juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mtangazaji alikuwa binti mwenyewe. Wasikilizaji walikuwa sufuria chafu na paka, na paka aliondoka kabla halijaisha.

"Sindano! Ukimaliza hotuba, vyombo bado vinakungoja!" mama aliita kutoka uani.

Baba yao, ambaye ndiye huyo fundi, aliwaita wanawe wawili kwa majina ya kazi yake. Sindano alikuwa mwembamba na ulimi wake ulichoma. Mdogo wake, Kifungo, alikuwa mfupi wa mviringo, na kutwa nzima alishikamana na dada yake. Siku ile mikono ya shati la mjomba ilipokutwa imeshonwa ikaziba, Sindano ndiye aliyeshika uzi, lakini mpango mzima ulitoka kichwani mwa Kifungo, ambaye wakati huo alikaa pembeni na uso wa malaika.

Kisha Kifungo akaanguka na baiskeli mteremkoni, bila kofia ngumu, kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Alilazwa hospitalini majuma mengi. Kidonda kikafunga, nywele zikaota, majirani wakasema, "Mtoto kapona huyo." Lakini aliyerudi nyumbani hakuwa Kifungo yule. Huyu alifoka kwa jambo dogo, alisahau jioni alichoambiwa asubuhi, na kila lililomjia kichwani lilimtoka mdomoni. Alimwambia jirani mbele za watu kwamba wigi lake limekaa upande.

Na bado kila mtu alimpa pole! Alipotupa kikombe ukutani, mama alimkumbatia. "Pole, baba, tulia. Hukukusudia." Kesho yake Sindano alipasua sahani kwa bahati mbaya. "Macho umeyaweka wapi wewe?" mama akauliza. Yai lilikuwa la Kifungo. Sare mpya ya kurudia shule ilikuwa ya Kifungo. Vyombo vilikuwa vya Sindano.

Wivu ukamkaa Sindano kooni kama mwiba wa samaki. Alijiliwaza kwa njia moja ambayo hatutaitaja hapa, ila tukilazimishwa. Njia ya pili tutaitaja.

Mwalimu mkuu wa shule yao alikuwa ameleta kitambaa cha bluu ashonewe gauni. Mchana mmoja baba alipokwenda kununua uzi, Sindano alikata kipande akajishonea kifuko cha kalamu. Ikiwa hakuna wa kumshonea, atajishonea. Kisha akakikunja kitambaa, palipokatwa pakaingia ndani, akakifunga kwa kamba kama kilivyokuwa, na kifuko akakificha chini ya godoro.

Baba alipokikunjua mezani, alisimama kama aliyepigwa na baridi. "Nani amefanya hivi?"

Sindano alimtazama tu Kifungo, na macho yake yakatosha.

Kifungo alikunja uso akijaribu kukumbuka. "Ni mimi, dada?" aliuliza taratibu. "Sikumbuki."

"Ni wewe," Sindano akajibu.

Alitaka tu Kifungo agombezwe mara moja, kama watoto wengine. Lakini baba hakumgombeza. Alikwenda kumwomba radhi mwalimu mkuu, akarudi akiwa ameinamisha kichwa.

"Anasema kelele na kusahau watavumilia," alimwambia mama. "Lakini mtoto anayeiba na kuficha, hawezi kumrudisha darasani. Anangoja mwanasaikolojia wa hospitali ampime kwanza."

Siku ya kupimwa, Kifungo aliamka mapema akavaa sare yake mpya, mpaka soksi. "Nikitoka hapo naenda shule," alimwambia kila waliyekutana naye njiani, pamoja na muuza magazeti ambaye hakuuliza.

Mwanasaikolojia alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni. Chumba chake kilikuwa na viti vidogo na vibao vya rangi vya kuchezea. Alimpa Kifungo kazi ndogo ndogo: kupanga vibao, kurudia maneno, kusubiri zamu yake. Aliwauliza wazazi jinsi mtoto alivyokuwa kabla ya ajali na alivyo sasa. Walipofika kwenye habari ya kitambaa, aliinua miwani akaivaa.

"Kifungo, tucheze," alisema. "Chukua hiki kishanga, kifiche nisikione. Usiniambie kilipo."

Kifungo alikificha chini ya kikombe. "Kiko chini ya kikombe!" akapiga kelele kwa furaha.

Walirudia. Mara hii alikificha kwenye soksi, akakaza midomo, akatetemeka kama chungu kinachochemka. "Soksi! Soksi ya kushoto!"

Wote wakacheka, isipokuwa Sindano.

"Fundi," mwanasaikolojia aliuliza, "kile kitambaa ulikikuta vipi?"

"Kimekunjwa vizuri, palipokatwa pako ndani. Na kimefungwa kwa fundo langu la kazi, lile nililomfundisha..." Baba akamgeukia Sindano.

"Sindano," mwanasaikolojia alisema kwa upole, "wewe unamjua mdogo wako kuliko sisi sote. Zamani angeweza kupanga jambo kama hilo?"

"Zamani, ndiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga. Mimi nilikuwa mtekelezaji tu."

"Na sasa?"

Kabla hajajibu, Kifungo alidakia. "Dakta, ni mimi. Dada aliniambia. Kwa hiyo siendi shule?" Alianza kufungua vifungo vya shati la sare, kimoja kimoja.

Sindano alimshika mikono. "Usivue! Si yeye. Ni mimi niliyekata, nikajishonea kifuko cha kalamu. Nilimdanganya, naye akaniamini." Machozi yakamtoka. "Ninyi mnampenda yeye tu. Na mimi sina hata wa kucheza naye. Kifungo wangu hakurudi."

Mama alimvuta kwake. "Mwanangu, nilidhani wewe umeshakuwa mkubwa, hunihitaji. Nimekosea." Baba alikohoa. "Kifuko utakirudisha wewe mwenyewe kwa mwalimu mkuu, nami nitakusindikiza."

Mwanasaikolojia alivua miwani. "Sikiliza, mwanangu. Ubongo ukiumia, tabia nayo huumia, na hakuna bandeji ya kuonyesha mahali. Picha ya kichwa inanionyesha palipoumia. Ninyi mnaoishi naye ndio mnaoniambia alivyobadilika. Ukiniongezea uongo, nitamtibu mtoto asiyekuwapo, na huyu hapa ataumia. Wivu si dhambi kuusikia. Useme mapema, kabla haujamponza mtu." Kisha akamgeukia Kifungo. "Nitazungumza na mwalimu mkuu. Utakaa mbele, utapumzika ukichoka, na utavaa kofia ngumu kila ukipanda baiskeli. Shule utarudi."

Kifungo alipiga yowe lililosikika mpaka mapokezi.

Walitoka nje wote wanne wakiwa wepesi. Sindano alijiona mtu mpya, msafi, asiye na deni. Karibu atoe tangazo.

"Tukifika nyumbani," mama alisema, "tufungue lile kopo la biskuti za wageni, tusherehekee."

Sindano alisimama ghafla.

"Mna magazeti humo!" Kifungo akacheka, akirukaruka. "Kopo lina magazeti tupu! Biskuti moja tu ya juu!"

"Wewe umejuaje?" baba aliuliza.

"Nilimwona dada anayajaza."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza."

Wazazi waligeuka polepole. Sindano aliwatazama, akamtazama mdogo wake ambaye hawezi kuficha hata kishanga, kisha akanyoosha mkono juu, kama darasani.

"Na biskuti pia," alisema, "ni mimi."