Panya Aliyekataa Kuugua

Kila Jumamosi asubuhi, Bibi alipokwenda kufungua duka lake la vitambaa, Shangazi alimchukua Dodoso na kwenda naye kazini. Jina hilo la utani alipewa na Shangazi mwenyewe, maana msichana huyo alijua kuuliza maswali kuliko karatasi ya utafiti. Wazazi wake walifanya kazi mji wa mbali, naye akalelewa na wanawake hao wawili, mama na bintiye.

Shangazi alikuwa mtafiti. Katika maabara yao kulikuwa na chumba cha panya wadogo weusi, kila mmoja na mkato wake sikioni wa kumtambulisha. Kabla ya kuingia humo, mtu alivaa koti, kofia ya karatasi, barakoa na glavu. Mlangoni Shangazi hakuchoka kurudia onyo lake: "Macho yafanye kazi, mikono ipumzike."

Hawakuwa panya wa kutoboa magunia stoo. Wataalamu walikuwa wamebadilisha jeni zao, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya mwili, tangu kabla hawajazaliwa. Badiliko hilo lilikaa kimya ndani ya ngozi bila kudhuru, mpaka ngozi ipakwe tone la dawa maalumu. Hapo seli zinazoipa ngozi rangi zilianza kukua ovyo, na doa la saratani iitwayo melanoma likajitokeza.

"Sasa Shangazi, kwa nini mnawaletea ugonjwa makusudi?" Dodoso aliwahi kuuliza.

"Kwa sababu kwa binadamu tunaukuta umeshakomaa. Hapa tunauona ukizaliwa. Mwizi ukijua anapoingilia, unajua pa kuweka kufuli."

Dodoso alielewa uchungu uliokuwa ndani ya maneno hayo. Babu yake, baba wa Shangazi, alitokwa na doa jeusi chini ya kisigino. Mzee wa watu akasema ni mwiba wa zamani, akalificha ndani ya soksi, akawa anachechemea na kusingizia viatu. Alipokubali kwenda hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. "Mficha maradhi kifo humuumbua," Bibi alisema kila alipomkumbuka. Tangu mazishi yale, kicheko cha Shangazi kilipotea nyumbani.

Ikafika Jumamosi ya kupaka dawa. Shangazi alimshika panya mmoja baada ya mwingine, akamdondoshea tone kwenye sehemu ya mgongo iliyonyolewa, kisha akamrudisha kizimbani. Wa mwisho alikuwa mdogo kuliko wenzake. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akanusa kidole cha Dodoso kupitia kwenye waya. Msichana akaingiwa na huruma.

Mkuu wa maabara akamwita Shangazi mlangoni. Hakukawia huko, lakini shetani naye hahitaji muda mrefu. Dodoso alifungua kizimba, akachukua pamba yenye spiriti na kumfuta panya yule mgongo vizuri. Pamba akaitupa kwenye pipa la taka. "Wewe angalau usiugue," alimnong'oneza. Shangazi aliporudi, mikono ya mtoto ilikuwa imeshapumzika kama alivyoagizwa.

Wiki zikapita. Panya wakaanza kutoka madoa, na kila siku walikaguliwa ili asiwepo wa kuachwa akiteseka. Mdogo yule peke yake alibaki na mgongo safi.

Jioni moja Shangazi alirudi nyumbani akitembea kama msichana. Hata mkoba hakuutua.

"Mama, kuna mmoja amekataa kuugua! Tumempaka kama wenzake, lakini hana doa hata moja. Huenda mwili wake una kitu kinachoizuia saratani isianze. Mkuu amekubali tusimamishe kazi nyingine zote, tumfuate huyu. Kesho nitawaeleza watafiti wenzetu."

Akacheka. Bibi alimtazama bintiye akicheka, machozi yakamlengalenga. "Hata nikifa leo," alisema, "nina habari njema ya kumpelekea mzee wangu."

Dodoso akarudisha tonge sahanini. Alijua kilichomzuia panya yule asiugue, na hakikuwa mwilini mwake. Kilikuwa kwenye pamba. Akisema, atakizima kicheko hicho kwa mkono wake mwenyewe. Asiposema, Shangazi ataacha kazi ya kweli na kukimbiza kitu kisichokuwepo, huku watu wenye madoa kama la Babu wakisubiri. Akajikaza kisabuni, akaomba kwenda kulala.

Asubuhi alimkuta Shangazi akipiga pasi blauzi nyeupe huku akiimba kwa sauti ya chini. Dodoso akashika ukingo wa meza.

"Shangazi, yule panya nilimfuta."

"Ulimfuta nini?"

"Dawa. Ulipoitwa mlangoni. Nilimwonea huruma, nikamfuta kwa pamba ya spiriti."

Shangazi aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akaketi. Kisha akachukua simu.

"Mkuu, samahani kwa kukuharibia asubuhi. Yule panya msafi si muujiza, alifutwa dawa. Mtoto wangu ndiye aliyemfuta, lakini kosa ni langu pia, nilimwacha peke yake na vizimba. Tusisimamishe chochote. Wenzetu nitawaeleza mwenyewe."

Alipokata simu, alimtuma Dodoso jikoni. "Nenda ukamwambie bibi yako kwa kinywa chako."

Huko ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa upande wa kanga, akamvuta mjukuu wake kifuani. "Imeniuma, mjukuu wangu, siwezi kukuficha," alisema. "Lakini babu yako alinyamaza mpaka mambo yakaharibika. Wewe umesema tungali na nafasi."

Dodoso alirudi sebuleni akilia. "Na panya je? Atabaki salama?"

Shangazi alikuwa akivaa ile ile blauzi nyeupe. Hakumdanganya.

"Hapana. Hafai tena kwenye utafiti, na hatuwezi kumfuga nyumbani wala kumwachia nje. Atalazwa usingizi bila maumivu, na hataamka."

"Mimi nilitaka kumwokoa!"

"Najua, mwanangu. Huruma si kosa, na siku utakayowatazama wanyama wale bila huruma, nitakukataza kuingia mle. Kosa ni kufanya jambo kwa siri kisha ukanyamaza." Shangazi akachuchumaa, akamshika mabega. "Panya wale hawakuchagua kuugua, tumewachagulia sisi. Hatuwezi kuwarudishia uhai wao. Tunachoweza ni kusema kweli, yote, kuhusu kila tulichokiona kwenye ngozi zao. Tukificha hata kimoja, watakuwa wamekufa bure, na mgonjwa atakayetuamini naye atakufa. Ukweli utakuuma leo, lakini uongo ungemuua mtu usiyemjua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nawa uso, uvae viatu. Tunakwenda wote kuwaeleza wenzangu."