Kikombe cha Nahodha

Akitoka shule Sindano hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mama yake, akatundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango, akafunga aproni iliyomfika karibu na vifundo vya miguu. Jina la Sindano alipewa na wenzake darasani kwa sababu ya wembamba wake, lakini aliyekaa naye siku mbili aligundua kuwa ulimi wake ndio uliolistahili zaidi.

Mama yake alikuwa fundi wa kuchonga majina kwenye vyuma. Alichonga vibao vya milango ya madaktari, medali za shule na saa za wastaafu. Wiki hiyo, hata hivyo, meza ilijaa vikombe hadi pa kuweka kiwiko hapakuwepo. Ligi ya kriketi ya kulipwa ilikuwa ikiandaa sherehe ya kuwakumbuka mabingwa wake wote wa zamani. Kila aliyewahi kushinda tuzo alikuwa ameiazimisha ligi kikombe chake ili king'arishwe na kupangwa ukumbini.

Kaka yake Sindano ndiye aliyevipokea na kuvipanga, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa haupandi juu ya bega. Alimjua kila bingwa kama mtu anavyowajua majirani wa mtaa aliokulia.

"Huyu mpigaji bora alipiga mikimbio zaidi ya mia akiwa na homa," alisema, akimpa Sindano kikombe chenye masikio mawili. "Na huyu mdaka mipira bora alikuwa anauogopa mpira kuliko wewe unavyoogopa hesabu. Alikuwa anafumba macho."

"Alidakaje sasa?"

"Muulize mwenyewe. Nadhani mpira ndio uliokuwa unamdaka yeye."

Sindano alicheka. Kisha Kaka akampa kikombe kingine, kirefu, chenye maneno *Mchezaji Bora wa Fainali*, na hapo akageukia boksi jingine. Chini ya maneno hayo lilikuwa jina la Nahodha. Sindano alilisoma, na kicheko kikamkauka.

Misimu mitatu nyuma, Kaka alikuwa mrushaji tegemeo wa timu ya Nahodha. Siku ya fainali bega lilianza kumuuma, na walipokuja kando ya uwanja kunywa maji akamwomba Nahodha ampumzishe. Sindano alikuwa ameketi karibu na kamba ya mpaka wa uwanja, ana jagi la maji ya wachezaji, na alisikia jibu kwa masikio yake: "Rusha ova moja tu, mipira sita hiyo. Bega litapona, kombe halirudi." Kaka alirusha. Walishinda, na bega likaachia. Kesho yake Nahodha alisema redioni kwamba mrushaji wake alikuwa ameficha maumivu na kuwadanganya wote. Kuficha jeraha ni kosa katika ligi ile. Kamati ikamfungia Kaka kucheza maisha yake yote na kulifuta jina lake kwenye orodha ya mabingwa. Nahodha alikaa kimya na kikombe chake.

Nyumbani Sindano alisema alichosikia, lakini Kaka alimkataza kulirudia neno hilo nje. "Nani atamsikiliza dada wa mtu aliyefungiwa?" alisema. Tangu siku hiyo Sindano alikuwa akimdai Nahodha moyoni, na sasa mdaiwa wake alikuwa ameletwa mezani kwake kwa sura ya kikombe, amefungwa kwenye gazeti.

"Hicho si fedha tupu," mama alimwonya bila kuinua macho kwenye patasi yake. "Kimepakwa fedha kwa juu, chini ni shaba. Kitambaa laini, dawa nyeupe, na mkono mwepesi. Ukikisugua sana unakichuna ngozi."

Sindano aliitikia vizuri, na kwa sauti ya upole ambayo ingemshtua mtu yeyote anayemjua.

Alasiri iliyofuata mama alikwenda kufunga kibao kwenye zahanati, na Kaka alikuwa nyuma akipanga maboksi. Sindano alichukua kopo la unga mkali wa kusugulia vitasa vya milango. Alikiweka kikombe mapajani, akafunga kidole kwa kitambaa, akaanza na herufi ya kwanza ya jina la Nahodha. Alisugua kwa hasira, akasugua kwa raha. Kila herufi ilipofifia aliona roho yake inasuuzika. Na uzuri wenyewe ni kwamba nani angemlaumu? Angesema alijitahidi kupita kiasi. Mtoto mwenye bidii hachapwi. Alipomaliza, mahali pa jina palikuwa na doa jekundu la shaba, pana kama kiganja, na Nahodha hakuwepo tena duniani.

Mama aliporudi alikiona kabla hajavua viatu. Alikigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya doa, akanusa.

"Huu ni unga wa vitasa," alisema polepole. "Mtu kachagua kopo. Nani amekishika hiki?"

Ile hadithi ya bidii ikamwishia Sindano mdomoni. Kabla hajapata nyingine, Kaka alitokea mlangoni. Alikitazama kikombe, akatazama aproni na vidole vya mdogo wake vilivyojaa unga, akazungumza haraka.

"Ni mimi, mama."

"Wewe? Mtu mzima na akili zako?"

"Nilikasirika. Nisamehe."

Sindano alishusha pumzi. Aliona aibu kidogo, lakini nafuu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Mama hakugomba. Alikaa tu kwenye kigoda, akasema kwamba katika maisha yake yote ya ufundi hakuna aliyewahi kumletea kitu kizima akakichukua kibovu. Jioni hiyo hakusema na Kaka tena.

Jumamosi asubuhi Nahodha alifika mwenyewe kukiangalia kikombe chake, viatu vyake vinang'aa kuliko vikombe vyote mezani. Aliandamana na mtunza vikombe wa ligi, mtu mkimya waliyemwita Glavu kwa sababu zamani alikuwa mlinda wiketi wa timu ileile, yule anayesimama nyuma ya mpigaji na glavu kubwa mikononi. Sindano aliwaamkia, wakaitikia. Mama hakuzunguka. Alikiweka kikombe mezani, upande wa doa ukiwatazama.

"Kimeharibikia mikononi mwetu," alisema. "Nakuomba radhi. Kitapakwa upya na kuchongwa upya kabla ya sherehe."

Nahodha alikitazama, kisha akamtazama Kaka, akatabasamu.

"Nilijua tu. Kwanza alificha bega lake, sasa anafuta jina langu. Huu ni wivu, fundi, na wivu hauna dawa. Nitaiambia kamati isilete tena hata medali moja kwenye karakana hii."

Kaka aliinamisha kichwa.

Sindano aliufahamu uso ule. Ndio uso aliokuwa nao Kaka siku ile redio ilipokuwa ikisema, umefungwa kama duka la mtu aliyefiwa. Siku ile Nahodha alikuwa amekosa na kunyamaza, na Kaka akabeba. Leo aliyekosa na kunyamaza alikuwa nani? Swali hilo lilimchoma vibaya. Alikuwa amemchukia Nahodha misimu mitatu, na sasa alikuwa amesimama palepale aliposimama yeye.

"Ni mimi," alisema.

"Sindano, nyamaza," Kaka alisema.

"Sinyamazi. Mama, ni mimi niliyesugua. Nilichukua kopo la vitasa kwa makusudi." Alimgeukia Nahodha. Ulimi haukumwangusha. "Nilitaka ufutike. Nimefanya vibaya, na adhabu ni yangu. Lakini Kaka hakuficha bega. Alikwambia linauma, ukamwambia arushe ova moja, bega litapona na kombe halirudi. Nilikuwa kwenye kamba na jagi la maji. Nilisikia."

Nahodha alicheka kwa pua. "Mtoto kafundishwa, na kafundishika. Mtu aliyekiri kuharibu mali ya watu ndiye tumwamini?"

"Mimi nasema aaminiwe kwa sababu kakiri," alisema Glavu.

Wote walimgeukia. Yule mtu mkimya alikuwa amevua kofia, anaizungushazungusha mikononi.

"Nilikuwa nimesimama kati yenu, Nahodha. Maneno ni hayohayo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka msimu mwingine kwenye timu, na nikaupata. Kila mwaka nafuta vumbi makombe ya ligi, na kila mwaka naliruka lile la fainali ile." Alimtazama Kaka. "Mdogo wangu, sina uso wa kukuomba radhi. Leo hii nakwenda kamati."

"Utajuta," Nahodha alisema.

"Nimeshajuta ya kutosha. Hayo mengine yatakuwa ya nyongeza."

Nahodha alikiacha kikombe mezani, akatoka. Sindano alimtazama hadi alipokata kona, na hatudanganyani hapa: aliona raha, raha kubwa kuliko ile ya kusugua.

Kamati ilimwita Glavu, ikamwita Nahodha, ikamwita Kaka, na mwisho ikamwita Sindano, aliyejibu kila swali hadi mwenyekiti akaomba maji. Kaka alifunguliwa. Jina lake lilirudishwa miongoni mwa mabingwa, na Nahodha aliamriwa kuukana uongo wake kwenye redio ileile. Bega halikupona, hilo kamati haikuwa na uwezo nalo. Lakini Kaka, aliyepewa kiti ukumbini, alijinunulia shati jipya na kujitazama kwenye kila kikombe karakanani.

Kikombe cha Nahodha kilirudi kutoka kupakwa fedha siku mbili kabla ya sherehe. Mama alimkalisha Sindano mezani amshikie taa huku akichora jina kwa penseli kabla ya kulichonga.

"Mama," Sindano alisema, "kila mtu anajua alichofanya. Kwa nini tunamtengenezea vizuri hivi?"

"Kwa sababu fainali ile alicheza vizuri kuliko wote. Hilo ni kweli, na uongo wake hauliondoi." Mama alipuliza vumbi la penseli. "Ulipokuwa unasugua, hukumwumiza yeye hata chembe. Aliyekaribia kuumia ni kaka yako, mara ya pili, na safari hii kwa mkono wako. Kilichomshinda yule bwana ni wewe kusema kweli yote mbele yake, na ulianza na ile inayokuuma mwenyewe."

Sindano alilitazama lile jina likijichora tena, herufi baada ya herufi.

"Bado simpendi."

"Hujaombwa kumpenda," mama alisema, akichukua patasi. "Umeombwa kusema kweli, hata juu ya mtu usiyempenda. Inua taa kidogo, sioni."