Kumi ya Doto

Jua lilikuwa linazama nilipoenda kwa Paulina kurudisha ungo wake. Ungo ulikuwa kisingizio. Nilikuwa na habari ya Donati, na habari ya namna ile hailali tumboni mwa mtu.

Donati ni fundi baiskeli wa hapa hapa Mikumi. Nyuma ya gesti moja, kando ya barabara ya Iringa, pana nyumba wanayoiita kasino. Mbele kuna mashine za kumetameta zinazokula sarafu. Chumba cha nyuma kina meza moja tu ya kitambaa cha kijani, na mchezo wa ishirini na moja. Ni ule ule wanaocheza vijana wa stendi: karata zako zikikaribia ishirini na moja umenona, zikipita umeungua. Lakini meza ile ina sheria zake. Hela hawapokei. Unaweka kitu cha mwilini mwako au cha nyumbani kwako. Na ukipata kumi mbili, ambazo popote pengine mwenye akili zake anatulia na ishirini yake, pale unaruhusiwa kuzitenga zikawa mikono miwili. Ila uongeze dau la pili, na liwe pacha wa lile la kwanza.

Donati aliweka kiatu cha kulia. Akapata kumi mbili, akazitenga, akaongeza cha kushoto. Mkono mmoja ukashinda, wa pili ukaungua. Asubuhi akakuta pikipiki mpya mlangoni, na mguu wake wa kushoto umekufa. Anaipangusa ile pikipiki kila siku. Kuipanda hawezi.

Basi hiyo ndiyo habari niliyokuwa naikimbiza. Nikamkuta Paulina kasimama mlangoni, kitenge kimemlegea, hana habari nacho.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba. Mbona uso kama umelamba ndimu?"

"Maganga kachukua bangili za watoto."

Ungo ukanidondoka.

Maganga ni mumewe, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Masika iliyopita maji ya mto Lumuma yakawasomba wote, hakubaki hata ndama. Tangu hapo mtu yule halali. Wana watoto mapacha wa miaka mitatu, Kulwa na Doto, na bangili zile za shaba walivishwa na bibi yao mzaa baba. Kwa Wasukuma pacha hawabaguliwi. Ukimpa Kulwa umpe na Doto, saa ile ile, kilicho sawa. Ukibagua, mmoja anaona hatakiwi... anaondoka.

"Alisema anaenda wapi?"

"Alisema anaenda kurudisha ng'ombe." Akanishika mkono. "Mama, nenda wewe. Mimi nikienda atanipiga. Wewe ni mtani wake."

Kweli. Sisi wa huku na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaingia jikoni kwako anaondoka na mboga, na ukinuna wewe ndiye mkosaji. Nikajifunga khanga. Sitasema uongo, nusu yangu ilikwenda kumwokoa mtoto, nusu ilikwenda kuona kuna nini ndani.

Nilifika adhana ya magharibi inaisha. Mashine za mbele zilikuwa zinaimba zenyewe, hakuna mtu. Nikasukuma pazia.

Harufu ikanipokea kwanza. Mkonge. Maji ya mkonge uliovunda, kama karibu na zile korona, mitambo ya kukamulia katani, za mashamba ya Kilosa nilipokuwa msichana. Hapa Mikumi hakuna mkonge.

Maganga alikuwa amekaa, jasho linamtiririka. Mbele yake msichana mgawa karata, mzuri, hajafika hata miaka ishirini na mitano, mikono ndani ya glavu nyeupe. Nikasimama nikingoja aniamkie, maana mimi ni mtu mzima.

Akanitazama.

"Marahaba," akasema.

Sikuwa nimemwamkia.

Akarudi kwenye karata zake kana kwamba mambo yameisha. Juu ya meza bangili zote mbili zilikuwa zimeshalala. Na mbele ya kila bangili, kumi moja. Kumi ya kopa. Kumi ya uru.

Alikuwa ameshazitenga.

"Maganga," nikanong'ona. "Ishirini ulikuwa nayo, baba. Ilikutosha."

"Ishirini inanirudishia ng'ombe mmoja, mtani. Mikono miwili, zizi zima." Hakugeuka. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka mbali.

Msichana akateremsha karata juu ya kumi ya kwanza. Ree. Ishirini na moja kamili.

"Kulwa kashinda," akasema taratibu.

Hakuna aliyemtajia jina la mtoto.

Kisha akateremsha ya pili, juu ya kumi ya Doto. Hii hakuifunua. Aliilaza kifudifudi.

"Kwenye meza hii, ya pili anafunua baba mwenyewe."

Maganga akanyoosha mkono. Nyuma ya ukuta nikasikia... shwaa, shwaa, shwaa. Kama mapanga yanakata majani ya mkonge. Mengi. Yanakata pamoja, bila mtu kuongea.

Sikufikiri. Nilifanya kama tunavyofanya msibani, mtani anapovamia vya marehemu. Nikazoa. Bangili zote mbili na ile karata, mkupuo mmoja, nikavitia kifuani ndani ya blauzi.

"Mtani wangu huyu," nikasema. "Vyake ni vyangu. Asinune mtu."

Mapanga yakanyamaza.

Msichana akacheka kidogo. Akavua glavu moja, polepole. Kiganja chote kilikuwa makovu ya miiba, juu ya makovu ya miiba, ya miaka na miaka.

"Utani naujua," akasema. "Nilikuwepo ulipoanza. Bangili chukua. Na karata kaa nayo, bibi. Lakini mchezo haujaisha. Utaisha siku itakapofunuliwa. Na nani asiyejua kwamba wewe huwezi kuona kitu kimefunikwa ukakiacha?"

Nikamburuta Maganga kwa ukosi wa shati.

Watoto tuliwavisha bangili zao saa ile ile, mimi Kulwa, Paulina Doto. Wote wakacheka usingizini. Nikasema Mungu mkubwa, yamekwisha.

Alfajiri Paulina akaniita. Uani palikuwa na ng'ombe mmoja, jike la Maganga, alama yake ya moto iko pajani. Matope ya mto yamemkaukia mpaka machoni. Ni ushindi wa Kulwa. Wakamkamua. Maziwa yalinuka mafuriko. Paulina aliyamwaga.

Kulwa ananenepa tangu siku ile, shavu kama andazi. Doto naye mzima, anakula, anacheza. Ila kila asubuhi mama yake ananiletea nione viganja vyake. Vina michubuko midogo midogo. Jana nilichomoa mwiba. Nikaunusa.

Mkonge.

Karata ninayo. Nimeifunga pembeni ya khanga, kifudifudi, na fundo nimelishona kwa uzi. Mimi niliyewahi kuchungulia mpaka barua ya posa ya binti wa imamu kabla hajaiona mwenyewe. Usiku mkono wangu unaamka kabla yangu, naukuta umeshika fundo. Labda ni ree nyingine. Labda nikiifunua mtoto anakuwa huru. Labda.

Ijumaa iliyopita nilikuwa sokoni nachagua nyanya. Mtu akainama kando yangu, ana glavu nyeupe, naye anachagua.

"Umeshachungulia, bibi?"

Wallahi sikumgeukia. Mdomo wangu wenyewe ndio uliofunguka, kama wa mtoto mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi sina haraka."

Nilirudi nyumbani nikatazama lile fundo.

Uzi mmoja umekatika.