Nyota Juu ya Taa ya Breki

Kila asubuhi Nthenya alichota maji kwenye tangi, akapika chai, kisha akampelekea mamake kikombe kitandani. Baada ya hapo alifagia nyumba, akavaa sare na kushika njia ya shule. Wanawake waliokuwa wakienda shambani walimsifu kwa bidii yake. Hawakujua kwamba msichana huyo alifanya yote hayo bila kuhisi chochote. Alipopata alama za juu katika hesabu hakufurahi, na alipojikwaa akachunika goti hakulia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, na moyo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Ganzi hiyo ilianza siku ya ajali. Mamake, Ndila, aliuza sare za shule katika soko la mjini Machakos, na jioni hiyo walikuwa wakirudi nyumbani Kola kwa gari lao jeupe la zamani. Barabara ilikuwa imelowa mvua. Walipofika kwenye kona ya mteremko, ng'ombe akavuka ghafla. Ndila alikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu yakaacha kuzunguka, na gari likateleza kama sabuni sakafuni hadi likagonga tuta la shamba la watu. Nthenya hakuumia hata kidogo. Mamake alivunjika mguu, ukafungwa plasta hadi juu ya goti.

Majirani walimlaumu ng'ombe. Nthenya alijilaumu mwenyewe, ingawa hakumwambia mtu. Siku chache kabla ya ajali, taa ndogo ya manjano ilikuwa imewaka kwenye dashibodi ikakataa kuzima. Mama alilalamika kwamba inamuumiza macho. Nthenya alikuwa na stika ya nyota, mojawapo ya zile ambazo mwalimu wake, Bwana Bartholomew, huwapa wanafunzi waliofanya vizuri. Akaibandika juu ya taa. Mama alicheka, akamwambia kweli ana akili, na safari zikaendelea. Sasa kila alipofumba macho aliiona nyota ile, akajiambia kwamba ni yeye aliyemvunja mama mguu.

Jumamosi moja alikuja Anti Peris, mdogo wake mama. Yeye ni fundi wa umeme wa magari kule Athi River, na popote aendapo hubeba sanduku la vifaa na utani mwingi. Alipomwona Nthenya akiendesha nyumba nzima, alimuuliza kama siku hizi watu wanaomba ruhusa kwake ili waingie jikoni. Zamani Nthenya angecheka mpaka mbavu zimuume. Siku hiyo alijibu tu kwamba yuko sawa.

Mama alikaribia kutolewa plasta, na alitaka kurudi sokoni. Pua ya gari ilikuwa imekwisha kunyooshwa. Peris alikagua mafuta ya breki, usukani na magurudumu, akawasha injini na kutazama dashibodi. Ilikuwa imejaa stika za kila namna, za kanisani na za madukani, kwa hiyo nyota moja zaidi haikumshangaza.

"Breki ni nzuri," akasema kwa sauti ili dadake amsikie kutoka ndani. "Hakuna taa inawaka. Ukitolewa plasta, rudi kazini tu."

Nthenya alikuwa amesimama karibu na gari akiwa na karai la nguo. Alijua kwamba akinyamaza, mama atateremka tena kwenye kona ile ile na gari lile lile. Akisema, kila mtu atajua alichofanya. Aliogopa. Hofu hiyo ilikuwa jambo la kwanza alilolihisi tangu siku ya ajali.

"Anti, iko taa," alisema kwa sauti kavu. "Iko chini ya hiyo nyota. Ni mimi niliifunika."

Peris aliibandua nyota kwa ukucha. Taa ya manjano ilikuwa inawaka pale chini. Nthenya alingoja kukemewa, lakini fundi aliketi ukingoni mwa kiti akajilaumu mwenyewe. Taa ile, alieleza, inapaswa kuwaka ufunguo unapozungushwa, kisha izime baada ya muda mfupi. Yeye hakuiona ikiwaka, wala hakujiuliza kwa nini. Nusura amrudishe dada yake barabarani hivyo hivyo.

Alimweleza Nthenya kwamba kila gurudumu lina sensa, kifaa kidogo kinachofuatilia mzunguko wake. Dereva akikanyaga breki ghafla na gurudumu likataka kukwama, mfumo wa ABS huiachia breki na kuishika tena haraka haraka ili gurudumu liendelee kuzunguka. Sensa moja ikinyamaza, mfumo huo hujizima, na taa ile ya manjano huwaka kuonya. Breki za kawaida hubaki, lakini gari huteleza kwa urahisi zaidi.

Peris aliunganisha mashine yake na gari, nayo ikaonyesha kwamba tatizo liko kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Nthenya aliuliza kama watanunua sensa mpya. Peris alikataa. Mashine imewaambia mahali panapouma, alisema, haijawaambia ni ugonjwa gani. Waliinua gari kwa jeki na kutoa gurudumu. Sensa ilikuwa imegandwa na udongo mwekundu. Wakaisafisha, wakarudisha kila kitu mahali pake, na Peris akaendesha hadi langoni na kurudi.

Taa ilikuwa bado inawaka. Nthenya aligeuka aende zake ndani, kwa maana alikuwa amezoea mambo yasiyotengenezeka. Peris alimrudisha, akampa mita ndogo ya kupimia umeme aitazame huku yeye akiutikisa waya wa sensa kidogo kidogo. Namba zilitulia kwa muda mrefu. Kisha zikarukaruka, zikapotea.

"Hapo," Nthenya alisema.

Mahali hapo fundi fulani wa zamani alikuwa ameufunga waya kwa ukanda wa mpira. Ukanda ulilegea, waya ukasuguana na chuma hadi ukakatika ndani. Kwa nje ulionekana mzima kabisa. Peris aliuunganisha upya, akaufunga tepu na kuushikiza mbali na chuma. Ufunguo ulipozungushwa, taa iliwaka, ikazima. Waliendesha tena hadi langoni, na haikuwaka.

Waliporudi walimkuta mama amesimama mlangoni kwa magongo yake. Alikuwa amesikia yote.

"Mwaitu," Nthenya alimwita, kwani ndivyo wanavyomwita mama kwao, "ni mimi nilikuvunja mguu."

Ndila aliketi polepole kwenye kizingiti, akamvuta karibu.

"Wewe ulibandika nyota. Mimi niliiona, nikacheka, nikaendelea kuendesha. Usukani niliushika mimi, si wewe."

Peris aliongeza kwamba huenda gari lingeteleza hata kama sensa ingekuwa nzima, na hakuna anayeweza kujua. Hapo Nthenya alilia. Alilia kwa muda mrefu, na kila kitu kikamuuma kwa pamoja, hata goti lililochunika. Iliuma, lakini alipata nafuu.

"Taa kama ile haitusumbui bure, inatuonya," mama alisema Nthenya alipotulia. "Tukiifunika, ubovu unabaki pale pale, ila sisi ndio hatuuoni. Na wewe kila asubuhi uliniambia uko sawa, nami nikakubali kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali. Kuanzia leo ukiumia, sema, hata kama unaogopa. Mimi nami nitauliza vizuri."

Plasta ilitolewa, na mguu ukapata nguvu. Asubuhi ya kwanza ya kurudi sokoni ilikuwa ya manyunyu. Nthenya aliketi mbele, marobota ya sare yakiwa nyuma. Mama alizungusha ufunguo.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Imezima?"

"Imezima."

Mama hakuondoa gari. Alimgeukia binti yake.

"Na wewe je?"

Nthenya alitaka kusema kwamba yuko sawa. Maneno hayo alikuwa ameyazoea mno.

"Naogopa ile kona," alisema.

"Hata mimi," mama alijibu. "Tutaenda polepole."