Namba Iliyofichwa Ndani ya Picha

Kila siku baada ya masomo, Wahida alipitia Zahanati ya Kidimbwini, kata ya Zinga, ambako mama yake, Nesi Bimdogo, alikuwa muuguzi. Alifagia sehemu ya kusubiria, kisha akakaa kupanga kadi za wagonjwa.

Jumatatu hiyo alikuwa na furaha tele. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameutengeneza upya ukurasa wa zahanati mtandaoni. Ule wa zamani, uliotengenezwa na Mwalimu Twalib, mlezi wa klabu ya kompyuta shuleni kwao, ulikuwa na maneno matupu: jina la zahanati, saa za kazi na namba ya simu ya dharura. Wahida aliuona umepooza. Akaweka moyo mwekundu unaodunda, herufi zinazodondoka kama mvua, na gari la wagonjwa linalopita likiwa na namba ya simu ubavuni. Wenzake klabuni walishangilia, lakini mama yake alikuwa bado hajui.

Baada ya wiki moja Mwalimu Twalib alimuuliza, "Umeutafuta kwa simu ndogo, mahali penye mtandao dhaifu, kama nilivyokuagiza?"

"Tayari, Mwalimu," alijibu Wahida. Hakuwa amejaribu hata mara moja.

Sasa akiwa na kadi mkononi, aliona mwanamume mmoja akiingia, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Naitwa Ishaka. Tumehamia Mapinga, si mbali na hapa, mwezi uliopita," alimwambia Nesi Bimdogo. "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Namba yenu ya simu mliiondoa kwa nini?"

"Hatujaiondoa, kaka yangu. Kuna nini?"

"Jumamosi binti yangu Tabia aliumwa na nyoka kiwanjani. Majirani siwajui. Nilipohamia niliwahi kuiona namba yenu mtandaoni, nikaitafuta tena. Sikuona kitu! Nikamfunga mguu kwa mtandio, nikaukaza kwa nguvu zangu zote, nikazunguka naye saa nzima nikiulizia hospitali. Daktari aliponiona alifoka. Kumbe kukaza vile kungeweza kumfanya akatwe mguu!"

"Subhanallah!" Nesi Bimdogo alishika kifua. "Mtoto yuko hai?"

"Yuko hai, alhamdulillahi. Bado amelazwa, mguu umevimba. Ana miaka tisa tu."

Wahida aliziweka kadi chini. Mama yake alichukua simu yake ndogo, akaandika jina la zahanati na neno Zinga. Vikatokea viwanja vinavyouzwa na nyumba ya wageni. Zahanati haikuwemo. Alipoufungua ukurasa wenyewe kwa anwani yake, kioo kikabaki cheupe. Dakika nzima ikapita ndipo moyo ukaanza kudunda, na namba bado haijaonekana.

"Haiwezekani!" Nesi alinong'ona. "Nani kafanya hivi?"

Wahida angeweza kunyamaza. Lakini alisimama.

"Ni mimi, mama. Mwalimu aliniagiza niujaribu, nikamdanganya kwamba nimeujaribu. " Akamgeukia Bwana Ishaka. "Nisamehe, baba."

Bwana Ishaka alimkodolea macho, asiamini. Mtoto huyu? Alikaa kwenye benchi kwa uzito, akaufunika uso kwa viganja.

Kesho yake Wahida alimweleza Mwalimu Twalib kila kitu. "Na mimi nina kosa," alisema Mwalimu. "Nililipokea jibu lako bila kuhakikisha. Sasa sikiliza. Mtambo wa kutafutia mtandaoni husoma maandishi. Wewe uliliweka kila neno ndani ya picha, hata jina la zahanati, kwa hiyo haukupata cha kusoma. Tena picha zako ni nzito. Mtu mwenye mtandao dhaifu anachoka kusubiri."

Walifanya kazi siku mbili. Jina la zahanati, kata na namba ya simu vikaandikwa kwa maneno, juu kabisa. Chini yake yakafuata maelekezo ya mtu aliyeumwa na nyoka: asifungwe kitu cha kubana, asichanjwe kwa wembe, atulizwe, apelekwe hospitali haraka. Mvua ya herufi na gari vikaondolewa. Moyo ulibaki, mdogo na mwepesi, ukidunda baada ya maneno kuonekana. Kisha kila jioni Wahida alizunguka na simu ya mama yake, akijaribu hata kule mabondeni ambako mtandao husuasua. Siku ya sita, zahanati ilitokea ya kwanza.

Wiki iliyofuata Bwana Ishaka alimleta Tabia, akichechemea lakini akicheka. Wahida alimwomba radhi, machozi yakimlengalenga.

Nesi Bimdogo alimshika bintiye bega. "Mwanangu, kupamba si kosa. Lakini ukurasa huu ni wa mtu mwenye shida, si wa kukusifia wewe. Mpe kwanza anachokitafuta, ndipo upambe. Na ukiulizwa kama umefanya kazi, sema kweli, hata kama kweli hiyo inakuaibisha. Aibu ingeisha siku hiyo hiyo. Mguu wa mtoto ukikatwa, hauoti tena."