Stika Juu ya Nailoni

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Najua alikwenda karakanani kwa shangazi yake. Jina hilo la utani alilipata nyumbani, kwa sababu ukianza tu kumweleza jambo anakukatiza: "Najua." Shangazi alipaka rangi bodi za plastiki za magari madogo ya mashindano, yale yanayoendeshwa kwa rimoti.

Siku hiyo mezani palikuwa na bodi ya binamu yake, mtoto wa Shangazi. Mchana angeshindana kwa mara ya kwanza, na gari lisilo na namba haliruhusiwi kuingia uwanjani.

"Mimi na binamu yako tunafuata betri dukani," Shangazi alisema. "Stika utabandika wewe. Lakini kwanza, bodi hii kwa nje ina..."

"Najua, Shangazi. Nimekuona ukibandika."

Kumwona alimwona, ila mwishoni tu. Akalowesha bodi kwa maji ya sabuni, akalaza stika, akasukuma viputo vya hewa kwa kadi ngumu. Namba ikanyooka, miali ya moto ikakaa sawasawa ubavuni. Akajipongeza kimoyomoyo.

Waliporudi, binamu alitabasamu hadi masikioni. Kisha akaona ukingo wa nailoni nyembamba umeinuka pembeni mwa bodi. "Mbona nailoni bado ipo?" akauliza, akaivuta.

Ikaja yote. Namba, miali, michirizi, vyote vilibanduka pamoja nayo, vikajikunja na kugandana mkononi mwake.

Najua alipigwa na butwaa. Binamu aliitazama bodi tupu, akautazama mkono wake, akaitazama bodi tena.

"Rangi hupulizwa kwa ndani," Shangazi alisema taratibu. "Nailoni inakinga nje isichafuke. Unaitoa kwanza, ndipo unabandika. Hukujua?"

Najua alitamani kusema stika zilikuwa mbovu. Lakini akasema, "Sikujua, Shangazi. Nilijifanya tu. Nisamehe, kaka."

Machozi yalimlengalenga binamu.

Shangazi akakata namba mpya kwenye kipande cha stika kilichobaki. Miali ndiyo basi tena. Najua aliibandika namba hiyo akiuliza kila hatua, hata zile alizozielewa.

Gari likaingia uwanjani na namba yake tu, katikati ya mengine yaliyopambwa kama maharusi. Najua alishindwa kulitazama.

"Mwanangu," Shangazi akamwambia, "kutojua hakujanikasirisha. Hata mimi nilifundishwa. Ungesema hujui, ningekuonyesha pale pale. Ulijifanya unajua, na aliyelipa ni yule pale mwenye rimoti."