Mafiga ya Katito

Chai ilikataa kuchemka. Agneta aliinama akaiangalia stovu yake ya mafuta ya taa. Utambi ulikuwa mzima, mwali ulikuwa wa samawati unaopendeza macho, na sufuria ilikuwa juu yake tangu mumewe aingie kuoga. Alichovya kidole ndani. Maji yalikuwa baridi kama ya mtungini.

"Baba Nelima, hii mafuta ulitoa wapi? Wamekuuzia maji."

"Mafuta ni ile ile ya kila siku," Laban alijibu akifunga mkanda. Akaenda kazini bila chai, wala hakunung'unika. Wanaume wengi wa mtaa wa Manyatta mwaka ule wa tisini na mbili walitoka bila chai, na hakuna aliyemsingizia jini.

Kazi ya Laban Wepukhulu ilikuwa kuwatafuta watu waliofukuzwa makwao. Mapigano ya kikabila yalikuwa yamewamwaga sokoni na viwanjani mwa makanisa, Awasi, Katito, popote palipokuwa na ukuta wa kuegemea. Shirika lililomwajiri lilitaka kujua wako wapi na ni familia ngapi, ndipo lori la mahindi litumwe. Kwa kuwa wengine walijiandikisha huku na kule, Laban alibuni njia yake: kufika alfajiri kabla watu hawajatawanyika, na kuhesabu mafiga yenye moto. Mafiga matatu yenye moto, familia moja. Wakubwa ofisini walimsifu, na sifa zikamkolea. "Mtu atakudanganya," alipenda kusema, "lakini moshi hauwezi."

Jioni ile Agneta aliazima jiko la makaa kwa jirani. Makaa yaliwaka yakawa mekundu kabisa, ila ugali ulibaki unga na maji. Alipogeuka kuchukua mwiko, binti yao Nelima, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikwisha okota kaa la moto kwa kiganja, akawa analigeuzageuza kama pera.

"Mama, haichomi," mtoto alisema.

Agneta alipiga yowe, akalipiga lile kaa likaanguka. Kiganja cha Nelima hakikuwa na alama yoyote, lakini kilikuwa baridi, na tangu saa hiyo baridi ile haikumtoka tena.

Walimpeleka hospitali, wakaambiwa si malaria. Walimfunika blanketi zote za nyumbani na makoti mawili ya Laban, lakini midomo yake ikazidi kuwa na rangi ya kijivu. Nyumba nayo ikaanza kunuka jivu lililonyeshewa. Kisha ikaja sauti. Nyuma ya pazia la jikoni mtu alikuwa anapuliza, fuuu, fuuu, polepole, kama mama anayebembeleza kuni mbichi zishike, halafu kikohozi kidogo, halafu fuuu tena, na Laban alipovuta pazia kwa nguvu hakuona mtu, aliona mawe matatu meusi yamepangwa sakafuni, yamelowa, yanachuruza maji ya mvua ilhali nje jua lilikuwa linawaka, na alipoyabeba akayatupa mtaroni na kurudi mbio na kufunga mlango na kuuegemea kwa mgongo, aliyakuta tena palepale, na mikono yake yote ilikuwa inanuka Katito.

Ndiyo, Katito. Aliijua harufu ile. Akajifanya haijui.

Agneta akamleta Mama Selpha wa kanisa la Roho, mwanamke mnene mwenye kanzu nyeupe na sauti ya chini, aliyesifika kwa kuondoa majini. Selpha aliwasha mshumaa, akaweka kiganja chake juu ya mwali, akakiacha hapo mpaka Agneta akageuza uso. Kisha akamtuma Agneta kuteka maji.

"Bwana Laban," alinong'ona walipobaki wawili, "hii kitu haina shida na mke yako. Iko na shida na wewe. Ni nani ulimnyima moto?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Hakuna?"

"Haki ya Mungu."

Pale kitandani, Nelima akiwa usingizini, midomo yake ya kijivu ilijikunja. Mtoto akaanza kupuliza. Fuuu. Fuuu. Kisha akakohoa kikohozi cha mtu mzima.

Laban alipiga magoti. Maneno yakamtoka yote, kwa sauti ya chini ili mkewe asiyasikie.

Ilikuwa msimu wa mvua, Katito, alfajiri. Chini ya ukingo wa paa la stoo ya kanisa alikaa mwanamke na mtoto mgongoni. Mafiga yake yalikuwa yamepangwa vizuri, lakini hayakuwa na moto. Laban alimwuliza mbona hajawasha.

"Siwezi, Bwana," mwanamke alimjibu. "Mzee yangu aliuawa kwa vita na bado hatujamzika. Kwetu mjane hawezi washa moto mahali mpya mpaka ndugu ya bwana yake aje awashe. Tunamngoja. Lakini sisi tuko. Tuandike."

Laban alimwelewa vizuri sana. Hata kwao Bungoma mambo ya namna hiyo yapo. Lakini aliwaza kwamba akimwandika huyu asiye na moto, kesho wengine watakuja na hadithi zao, na ile njia yake iliyosifiwa itachekwa.

"Bila moto hakuna familia, Mama," alimwambia. "Nitarudi."

Hakurudi.

Asubuhi walikwenda Katito, yeye na Selpha. Mlinzi wa kanisa, mzee aliyeitwa Joram, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Yule alikuwa anaitwa Dorca Aoko," alisema akiwapeleka nyuma ya stoo. "Watu walimgawia mahindi, lakini hata wao ilikuwa haiwatoshi. Mtoto alimalizwa na baridi. Halafu mama yake akafuata. Shemeji tulingoja, hakuja." Akaonyesha kwa kidevu makaburi mawili, dogo na kubwa. "Na wewe ni wa jamaa yake?"

Laban alichutama kando ya lile kaburi dogo. Kwa mara ya kwanza alilia kwa ajili ya yule mwanamke, si kwa ajili ya Nelima.

Mafiga yalikuwa bado pale chini ya paa, yamelowa.

"Anataka moto yake tu," Selpha alimwambia pembeni. "Lakini fikiria, Bwana. Mwanaume akiwashia mjane moto, amekuwa mtu wa ile boma. Mimi naweza kufukuza jini. Mke siwezi kufukuza."

Laban aliikumbuka midomo ya mwanawe.

"Leta kiberiti," alisema. "Dorca Aoko, nimekuja. Nawasha."

Kuni zilikuwa mbichi, lakini zilishika kwa njiti ya kwanza. Moto ulimchoma kidole, naye akashukuru kwa maumivu yale.

Alifika Manyatta jua likizama. Nelima alikuwa anaruka kamba mlangoni, jasho likimtoka. Laban alimkumbatia, akaushika ule mkono wenye joto, akaubusu. Ndani mlikuwa mnanukia ugali na chai ya maziwa. Agneta alikuwa anapanga vikombe mezani bila kumtazama, navyo vilikuwa vingi kuliko watu wa nyumba ile.

"Tuna wageni?" Laban aliuliza.

"Unaniuliza mimi?" Agneta alikibwaga kikombe mezani kwa hasira. "Amekuja na mtoto mgongoni, wamelowa chapachapa. Nikamwambia hapa si kwake. Akaniambia ni kwake, wewe mwenyewe ndiye umemwashia moto leo. Si ungeniambia tu, Baba Nelima?"

"Yuko wapi?"

"Jikoni. Anapika."

Nyuma ya pazia kupuliza kulikoma. Mtu akakohoa kwa adabu, kama mke anavyofanya mwenye nyumba akiingia.